Barua ya wazi kwa magavana wa Ukanda wa Ziwa: pimeni kwanza, ndipo mjenge josho

Waheshimiwa Magavana,
Mawaziri wa Kilimo na Mifugo wa kaunti,
Wakurugenzi wa Huduma za Mifugo,

Tunawaandikia sisi tunaotibu ng'ombe na kusoma vioo vya damu kwa darubini kuanzia Busia na Bungoma hadi Siaya, Kisumu na Homa Bay. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliwapa nyinyi jukumu la kudhibiti magonjwa ya mifugo, na tangu 2013 kazi hiyo imo mikononi mwenu. Kila mwaka wa fedha tunaona fungu la majosho, yaani mabirika ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, likitajwa, haya yakarabatiwe, yale yachimbwe. Tunashukuru kwamba kupe wamekumbukwa. Hata hivyo, fungu hilo linaanzia mwisho. Saruji inanunuliwa, dawa ya kwanza inatiwa, josho linazinduliwa, na baada ya hapo hakuna chombo hata kimoja katika wadi nzima kinachoweza kumwambia mfugaji kama maji yale bado yanaua kupe. Ombi letu ni moja: pesa ya kupe ianzie kwenye kupima.

Adui mkuu huku kwetu ni ndigana kali, ile homa ambayo fomu za ofisi zenu huiita homa ya Pwani ya Mashariki. Huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, nacho hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio. Kupe huyu hupanda wanyama watatu maishani mwake. Akiangua hunyonya kwa wa kwanza, akaanguka, akajibadili nyasini, akapanda wa pili, akaanguka tena, na akishakuwa mzima akapanda wa tatu. Ugonjwa haupiti kwenye mayai yake. Anauokota kwa ng'ombe mmoja na kuupeleka kwa mwingine baada ya kujibadili. Na hata akishang'ata, vimelea vilivyo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku 3 au 4 za kunyonya ndipo vikomae na kuingia mwilini mwa ng'ombe. Kazi yote ya josho inafanyika ndani ya siku hizo. Dawa ikimwua kupe siku ya pili, ndama amepona. Ikimwua siku ya sita, kupe amekufa na ndama ameshaambukizwa. Kwa hiyo anayeogesha mara moja kwa wiki anategemea dawa ibaki na nguvu kwenye manyoya siku kadhaa baada ya kuogesha. Nguvu ikipungua, katikati ya wiki mnyama yuko wazi, ingawa daftari la josho linaonyesha kwamba aliogeshwa.

Hatuandiki haya kwa kukisia. Utafiti mkubwa wa aina hii ulifanyika hapa hapa Busia. Kati ya 2007 na 2010, mradi uliojulikana kama IDEAL ulifuata ndama 548 wa kienyeji tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka mmoja, wakitembelewa, wakipimwa damu na kinyesi, na kila aliyekufa akipasuliwa ili kijulikane kilichomwua. Takriban ndama 16 kati ya kila 100 hawakufika mwaka. Ndigana kali ndiyo iliyoongoza, ikisababisha takriban vifo 4 kati ya 10, ikifuatwa na minyoo inayonyonya damu tumboni, kisha ugonjwa wa maji moyoni unaoletwa na kupe mkubwa mwenye rangi mgongoni. Hapo tu kuna somo la bajeti: ndama aliyelemewa na minyoo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na bado mipango mingi ya kupe katika kaunti haitaji minyoo hata kwa mstari mmoja.

Lakini jambo zito zaidi lilitoka baadaye, takwimu za ndama wale wale zilipochapishwa 2015. Ndama aliyekuwa na vimelea wengine wa ukoo wa Theileria, wale wapole wasioua, hatari yake ya kufa kwa ndigana kali ilipungua kwa karibu asilimia 89. Someni tena hapo. Vimelea hao wapole nao huletwa na kupe. Ng'ombe wa kienyeji wa Samia na Teso haishi bila ugonjwa. Anaishi nao, kwa kinga aliyoipata akiwa mdogo kutoka kwa kupe wale wale tunaotaka kuwamaliza.

Hatusemi kupe waachwe. Tunasema kwamba josho linalofanya kazi miezi miwili na kukaa kavu miezi minne lina madhara kuliko kutokuwa na josho. Katika ile miezi miwili ndama wanazaliwa na kukua bila kukutana na kimelea, hivyo hawajengi kinga. Dawa inapoisha kwa sababu malipo ya msambazaji yamekwama, kupe wanarudi na kukuta kundi lisilo na ulinzi wowote. Zimbabwe iliyaona haya kwa kiwango cha kutisha katika vita vya miaka ya 1970: kuogesha mifugo kulikuwa kwa lazima na kwa mpango kwa miongo mingi, vita vikakatiza huduma, na inakadiriwa kuwa ng'ombe milioni 1 hivi walikufa kwa magonjwa ya kupe. Basi kaunti isiyoweza kuhakikisha dawa ya mwaka mzima isifungue josho. Tunajua ni neno gumu kwa mwakilishi wadi aliyewaahidi watu, lakini afadhali aambiwe mapema.

Sasa tuingie ndani ya josho lenyewe, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapotelea.

Chukueni josho la lita 15,000 linalotumia dawa ya kupe iitwayo amitrazi. Nguvu inayotakiwa kwa ng'ombe ni asilimia 0.025, yaani gramu 250 za kiini cha dawa katika kila lita 1,000 za maji. Kwa dawa ya asilimia 12.5, hiyo ni lita 2 kwa kila lita 1,000, hivyo josho zima linataka lita 30. Siku ya kwanza hesabu hii hufuatwa vizuri. Taabu huanza ng'ombe wakishapita. Kila mmoja akitoka huondoka na maji, lakini manyoya yake hunasa dawa nyingi kuliko maji, kwa hiyo kinachobaki josho ni kingi kwa macho na dhaifu kwa kupe. Ndiyo sababu dawa ya kuongezea lazima iwe kali kuliko ile ya kujazia mwanzo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa husika. Mhudumu anayeongeza maji na kutia dawa kwa kipimo cha mwanzo anazidi kuliteremsha josho kila wiki, naye anaamini amefuata maagizo.

Kisha kuna swali la josho lina maji kiasi gani. Ufito wa kupimia unatakiwa uwe na alama kila lita 500, na alama hizo hazichorwi kwa kukadiria. Josho hujazwa kwa pipa la lita 200 lililopimwa, na kila baada ya mapipa kadhaa ufito unatiwa alama. Tumekuta majosho yaliyokarabatiwa kwa kupigwa plasta mpya ndani, lakini ufito uliotumika ni ule wa zamani. Plasta inabadilisha ujazo. Ufito wa zamani hapo hausemi kweli tena, na kila hesabu ya dawa inayoutegemea imepotoka. Hakuna mkataba wa ukarabati unaopaswa kulipwa kabla ya josho kupimwa upya na ufito mpya kukabidhiwa mhudumu. Kipengele hicho kimoja kwenye zabuni hakiongezi gharama ya maana.

Mvua nayo. Magharibi mwa Kenya hunyesha misimu miwili, na josho lisilo na paa au lisilo na mtaro wa kuzuia maji ya mteremko hupokea maji kutoka juu na kutoka kando. Baada ya mvua moja kubwa, kilichokuwa asilimia 0.025 si hicho tena. Vivyo hivyo tope: ng'ombe wasiopitishwa kwenye maji ya kuosha kwato huingia na udongo na kinyesi, na amitrazi huvunjika upesi katika maji machafu yenye asidi. Kwa hiyo dawa hiyo huwekwa pamoja na chokaa ili maji yawe kinyume cha asidi, kama 12 kwenye kipimo cha pH. Lakini angalieni: chokaa hiyo hiyo ikitiwa kwenye josho la saipamethrini au la dawa za jamii ya klofenvinfosi, huiharibu dawa. Kaunti inayobadilisha msambazaji katikati ya mwaka, ikapata dawa ya jamii nyingine na kuimimina juu ya ile ya zamani, imeharibu zote mbili. Josho humwagwa, hukwanguliwa, ndipo dawa mpya iingie. Na humwagwa kwenye shimo lililochimbwa mbali na maji, kamwe si kwenye kijito. Sio, Nzoia na Yala zote zinaishia ziwani, na dawa za jamii ya saipamethrini zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Mwenye bwawa la kambare hapo chini ya mteremko naye ni mwananchi wenu.

Dawa pia hutuama. Usiku kucha inashuka chini, na ng'ombe wa kwanza asubuhi huogeshwa kwa maji matupu. Wahudumu wa zamani walijua: wanyama 10 hadi 20 wa kwanza hupitishwa ili kulikoroga josho, kisha hurudishwa foleni kuogeshwa tena. Wanyama hunyweshwa maji na kupumzika kabla, ili wasiyanywe maji ya josho, na wagonjwa huachwa nje. Hayo yakishafanyika ndipo sampuli huchukuliwa, katikati ya josho, kwa chupa safi ya mililita 250, ikaandikwa jina la josho, tarehe, dawa, kiwango cha maji kwenye ufito, na idadi ya ng'ombe waliopita tangu dawa ilipoongezwa mwisho. Chupa isiyo na maelezo hayo haina faida maabara, kwa sababu jibu likisema dawa ni dhaifu hatutajua kama kosa ni la mvua, la mhudumu au la msambazaji.

Hilo la msambazaji tunalitaja bila kumlenga mtu. Mahali ambapo dawa haipimwi, aliyeleta dawa hafifu na aliyeleta dawa nzuri wanalipwa sawa.

Wafugaji wengi wa ukanda huu, hata hivyo, hawaendi joshoni. Wana ng'ombe wawili au watatu na pampu ya mgongoni, mara nyingi ya kuazima. Hapa makosa ni yale yale katika kipimo kidogo. Pampu ya lita 20 inataka mililita 40 za amitrazi ya asilimia 12.5, zipimwe kwa sindano, kwani vifuniko vya chupa havilingani. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 ili alowe hadi kwenye ngozi, kwa hiyo pampu moja ni ya ng'ombe 2 hadi 4. Tunaowaona wakiogesha 10 kwa pampu moja hawafanyi uzembe. Dawa ni ghali na wanajaribu kuifikisha kwa wote. Lakini kupe aliyeguswa na dawa kidogo bila kufa ndiye anayezaa kizazi kisichosikia dawa. Kunyunyizia kuanze ndani ya masikio, kisha chini ya mkia, kwenye kiwele, mapajani na katikati ya kwato, ukielekeza dawa kinyume cha ulalo wa manyoya, asubuhi mapema au jioni, siku isiyo na mvua. Mchanganyiko uliobaki hautunzwi hadi wiki ijayo. Na kwa wenye punda, ambao Kisumu na Bungoma ni wengi: amitrazi isimguse punda, matumbo yake huacha kufanya kazi.

Nani anamfundisha mfugaji haya? Afisa wa mifugo wa wadi, kama yupo na kama ana mafuta ya pikipiki. Asipokuwepo, anayemfundisha ni muuzaji wa agroveti.

Mfugaji akiona kupe hai siku mbili baada ya kunyunyizia, huongeza dozi. Wakizidi kuishi, hubadilisha chupa. Shida ni kwamba chupa mpya ina jina jipya na kiini kile kile. Saipamethrini, alfasaipamethrini, deltamethrini na flumethrini zote ni jamii moja. Kupe aliyeizoea mojawapo kwa kawaida zingine pia hazimtishi. Wengine huishia kuchanganya dawa za kunyunyizia nyanya, jambo ambalo ni hatari kwa mnyama, kwa anayenyunyiza na kwa anayekunywa maziwa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watafiti wameshathibitisha kupe wa kahawia na kupe wa bluu wasiokufa kwa jamii hiyo, na hata kwa michanganyiko yake na dawa za jamii ya klofenvinfosi. Ng'ombe huvuka Busia na Malaba kila wiki ya soko, na kupe wao wanavuka nao.

Kupe hai baada ya dawa ana maelezo mawili: ama dawa ilikuwa dhaifu, ama kupe ni sugu. La kwanza linatibiwa kwa kupima na kurekebisha. La pili linatibiwa kwa kubadilisha jamii ya dawa katika eneo zima kwa pamoja, na hakuna mfugaji mmoja anayeweza kulifanya peke yake. Mkibadilisha dawa bila kujua ni lipi kati ya mawili, mnaichoma bure dawa iliyokuwa bado inafaa. Kipimo cha usugu kinajulikana na hakihitaji mashine za ajabu. Kupe jike walioshiba huokotwa kwenye ng'ombe ambao hawajaogeshwa karibuni, huwekwa kwenye chombo chenye matundu na unyevu, na kupelekwa maabara wakiwa hai. Huko hutunzwa kwenye joto la nyuzi 27 au 28 na unyevu mwingi hadi watage na mayai yaangue. Vitoto vyao vikitimiza wiki 2 hadi 3 hufungiwa kwenye bahasha za karatasi zilizolowekwa dawa ya viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 wafu na hai huhesabiwa. Kazi yote inachukua miezi miwili hivi. Hakuna kinachozuia kaunti 14 za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ukanda wa Ziwa kuchangia maabara moja ya aina hiyo Kisumu, yenye meza ya usugu na meza ya kupima nguvu ya dawa ya josho. Sampuli ya Port Victoria isilazimike kusafiri hadi Eldoret, Kericho au Kabete.

Tumelitaja josho kwa urefu kwa sababu ndilo lenye fungu. Lakini kama mngetuuliza tununue nini kwanza, tungesema darubini.

Ng'ombe ana joto la nyuzi 41, hali chakula, amesimama kando. Inaweza kuwa ndigana kali, ndigana baridi, homa ya mkojo mwekundu au nagana inayoletwa na mbung'o. Magonjwa manne, dalili za siku ya kwanza zinafanana, tiba hazifanani. Ndigana kali inataka buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, ambayo kwa dawa ya kawaida ya asilimia 5 ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, ndani ya msuli wa shingo, irudiwe baada ya saa 48 hali ikidai. Ndigana baridi inataka oksitetrasaiklini au imidokabu. Mkojo mwekundu unataka imidokabu au daiminazini, na nagana inataka daiminazini. Kinachofanyika vijijini ni kila homa kuchomwa oksitetrasaiklini, kwa kuwa ni rahisi. Ikiwa ni ndigana kali, dawa hiyo haimponyi. Siku tatu zinapita, mapafu yanaanza kujaa maji, povu linatoka puani, na hapo hata buparvakwoni iliyo ghali mara kadhaa haimrudishi. Mfugaji amelipa dawa mbili na kuzika ng'ombe.

Kioo kimoja kingelimaliza swali. Shika tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, ikaze kwa vidole, safisha, choma kwa sindano mpya, zungusha kidogo, toa, sukuma kilichomo kwenye kioo na ukitandaze chembamba. Kwa damu, choma mshipa mdogo kwenye ncha ya sikio. Tone moja linatosha. Kausha kwa kupunga hewani, tia methanoli dakika chache, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa. Chini ya lenzi ya mafuta utaiona ndigana kali ndani ya seli nyeupe kwenye kioo cha tezi, ndigana baridi kama nukta kwenye ukingo wa seli nyekundu, na mkojo mwekundu kama matone mawili ya machozi yaliyogusana ncha. Vioo vinavyotumwa mbali bila kutiwa methanoli huota ukungu msimu wa mvua, na damu ikiachwa wazi mezani nzi huilamba ikaisha. Ndiyo maana darubini inafaa kukaa kaunti ndogo, karibu na ng'ombe. Kila kaunti ndogo inahitaji darubini moja nzuri, mashine ndogo ya kuzungusha damu ili kuona upungufu wake na kutafuta vimelea vya nagana, rangi, vioo, methanoli, na mtu mmoja aliyefunzwa ambaye hahamishwi kila uchaguzi. Kwa darubini hiyo hiyo mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha ndama huhesabiwa, na ndama wenye minyoo mingi wakatibiwa wao badala ya kunywesha dawa kijiji kizima.

Kuhusu chanjo ya ndigana kali. Ipo, na msingi wake ni kazi iliyofanywa Muguga, hapa Kenya, miaka ya 1970. Mnyama hupewa vimelea hai vya aina 3 vilivyochanganywa, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini inayodumu mwilini ili ugonjwa uwe mwepesi na kinga ijengeke. Chanjo moja humkinga kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote. Kwa ng'ombe wa gredi wa Vihiga, Kakamega na Kisumu, aliyefungiwa bandani na kuletewa nyasi za nepia zilizokatwa kando ya barabara zikiwa na kupe wake, hatujui kinga iliyo bora kuliko hiyo. Ng'ombe huyo hakupata bahati ya yule ndama wa Samia ya kuzoea ugonjwa utotoni.

Inakwama kwa mambo matatu, na yote mnayaweza. Chanjo hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri, na mtungi ukikauka hata mara moja vimelea vinakufa. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeona: mnyama anachomwa, anavishwa hereni ya sikio, mwenye ng'ombe anaacha kuogesha, na kinga haipo. Mitungi ya naitrojeni mnayo tayari kwa ajili ya mbegu za kupandishia; kinachokosekana ni ratiba ya kuijaza na daftari la kupima kina chake kila wiki. La pili ni kwamba mrija mmoja una dozi 30 hadi 40, na ukishafunguliwa na kuchanganywa, ukiwekwa kwenye barafu, unatakiwa uishe ndani ya saa chache. Wafugaji wenye ng'ombe wawili wawili hawafikishi idadi hiyo bila mtu wa kuwakusanya, na vyama vya maziwa ndivyo vinavyofaa kwa kazi hiyo. La tatu ni uzito. Oksitetrasaiklini huenda kwa mililita 1 kwa kila kilo 10, iwe ya asilimia 20 au 30. Ng'ombe wa kilo 200 ni mililita 20, zigawanywe sehemu mbili. Uzito ukikadiriwa kwa macho na ukapungua, mnyama anaugua kwa chanjo yenyewe. Mkanda wa kukadiria uzito kwa kupima mzunguko wa kifua unaondoa hatari hiyo. Baada ya hapo lazima mtu arudi kati ya siku ya 14 na ya 21 kupima joto, na wachache wenye homa watibiwe mara moja. Mpango wa chanjo usio na fungu la ziara hiyo ya pili usianzishwe.

Maonyo mawili hapo. Chanjo hii haizuii ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyoni, kwa hiyo kuogesha hakukomi, kunapungua tu. Na karibu na nyati, kama vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruma kule Homa Bay, haitegemeki vilevile, kwa kuwa vimelea vya nyati ni vya aina nyingine.

Mbung'o tutawataja kwa ufupi. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na mbung'o, si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya, na hiyo ni heshima kwa wote waliopigana nayo katika Busia, Teso na bonde la Lambwe. Ila ng'ombe ndiye anayeweza kumhifadhi kimelea huyo bila kuonyesha dalili. Mbung'o hupenda kung'ata miguu na tumbo. Kunyunyizia sehemu hizo kwa dawa ya jamii ya saipamethrini kunatosha na kunaokoa dawa, mradi masikio nayo yasisahauliwe kwa ajili ya kupe.

Tunachoomba sasa. Makadirio ya bajeti yanafika kwenye mabunge yenu kabla au ifikapo 30 Aprili. Kabla ya tarehe hiyo, kila kaunti itangaze hadharani orodha ya majosho yake: ujazo, dawa iliyomo, tarehe ya mwisho kupimwa nguvu, na jibu la kipimo. Lisilo na jibu liandikwe kwamba halijapimwa. Matokeo yabandikwe pia kwenye ukuta wa josho lenyewe, kwa Kiswahili, mahali mfugaji anapoweza kuyasoma akisubiri zamu. Malipo ya msambazaji yafungamane na kipimo cha dawa aliyoleta. Mkataba wa ukarabati usifungwe bila ufito mpya, paa na mtaro. Darubini za kaunti ndogo ziingie kwenye makadirio kabla ya josho jipya lolote. Na mkutano ujao wa Jumuiya ya Ukanda wa Ziwa uweke kwenye ajenda maabara ya pamoja ya kupima dawa na usugu wa kupe, pamoja na jamii ya dawa itakayotumika kila upande wa ukanda, ili Bungoma isiwe inabadilisha huku Busia ikiendelea na ile ile.

Tuko tayari kukaa na maafisa wenu kupitia kila kipengele, kuwafunza wasomaji wa vioo, na kuchora ufito pamoja na wahudumu wa majosho. Tunaomba jibu la maandishi.

Wenu katika kazi,

Madaktari wa mifugo, wahudumu wa nyanjani na wapimaji wa maabara,
Magharibi mwa Kenya na Ukanda wa Ziwa